Siku moja kwenye kitalu changu cha vichaka vya asili vya maua, pamoja na mteja wa saa 4

Saa 11 alfajiri nimeshika mpira wa maji. Jua likishapanda, maji mengi hupotelea hewani, na majani yakilala na unyevu hupata ukungu, kwa hiyo namwagilia alfajiri, tena shinani, kiriba (mfuko wa mche) baada ya kiriba. Kuna wanaodhani mkuza maua anashinda akinusa maua. Wauulize mgongo wangu.

Saa 1 ni magugu. Saa 2 nachanganya udongo na kujaza viriba. Samadi naweka kiduchu, maana vichaka vingi vya asili ukivinonesha vinajaa majani tu.

Saa 3 wanaingia nyuki. Leo nimesimama kumtazama nyuki seremala, mweusi, mnene, mpaka ua linainama naye. Ua lenye shingo ndefu hahangaiki nalo: analitoboa ubavuni, anakunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kuondoka bila kugusa chavua. Mwizi kabisa! Kisha anahamia kwenye kichaka cha jamii ya bilinganya, analikumbatia ua, anatetemesha misuli ya mbawa hadi mlio unabadilika, na chavua inamwagika kama unga kwenye chekeche. Huko anachapa kazi. Basi namsamehe.

Saa 4 akaja mteja.

"Nataka kichaka cha kuvuta vipepeo."

Nikampa kizuri. Akageuza jani. "Mbona limeliwa? Hamna dawa ya kupuliza?"

"Mzee wangu, hao ni viwavi. Ndio vipepeo wenyewe."

"Basi nipe cha vipepeo kisicho na viwavi."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwamba kiwavi wa aina nyingi hali kila jani. Ana mimea yake michache aliyoizoea tangu enzi na enzi, na ndiyo maana nahangaika na vichaka vya hapa hapa. Nikamweleza pia kwamba dawa inayoua kiwavi inaweza kumuua na nyuki. Akaitikia kwa kichwa, halafu akaenda moja kwa moja kwenye mche mrefu kuliko yote, wenye maua tayari. Nikachana kiriba kidogo aone mizizi ilivyojizungusha ndani. Nikamwonyesha mfupi, mizizi imenyooka. "Huu mbona mtoto?" Nikamshauri achukue kadhaa vya aina moja avipande pamoja, kwa sababu nyuki wa asali akitoka hupenda kushika ua la aina moja safari nzima. Yeye akataka kimoja kimoja, rangi tofauti. Tukaanza bei. Tukarudia viwavi. Tukarudi kwenye bei. Akaondoka na ule mrefu, na ukidumaa lawama ni zangu.

Mchana sikumbuki mpangilio wake. Joto, vipandikizi, kupogoa vilivyomaliza kuchanua (ukipogoa vikiwa na vitumba, umefyeka maua yenyewe). Kijana anayenisaidia alitaka kufunika bustani yote ya mbele kwa matandazo. Nikamwambia aache kipande kitupu penye jua. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki na wengi wao hawana mzinga, wanachimba vishimo ardhini.

Jioni miguu imekufa ganzi, ila mbegu nyingi za jamii ya kunde zina ganda gumu, lazima nizilowekee leo. Nimezimwagia maji ya moto, zitalala humo. Asubuhi zilizovimba nitazipanda, zilizogoma nitazikwaruza kwa msasa.