Kutoka maskani hadi dirisha la dawa

Kazi yangu ni kwenda maskani, yaani vijiweni, kukaa na watu wanaotumia heroini, na kumfikisha kliniki anayetaka. Karatasi za rufaa niliachana nazo mapema. Mtu anaipokea, anashukuru, na habari inaishia hapo.

Nilichojifunza kukilenga ni muda. Arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, huanza kama saa 8 hadi 12 tangu mtu aitumie mara ya mwisho: makamasi, miayo, vinyweleo vinasimama, tumbo linakata. Ukimkuta humo hakusikilizi, anawaza hela tu. Ukimkuta ndiyo kwanza amepiga, anasinzia huku anakukubalia kila kitu. Katikati pana upenyo mfupi, na kila maskani ina wake. Mimi nilionyeshwa na kaka mmoja aliyewahi kukaa palepale, sasa anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini. Akisema "huyu wetu", wananisogezea tofali nikae. Bila yeye, naonekana askari wa kiraia.

Sianzi na "acha unga". Naanza na jipu la sindano, au naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini: namna ya kuitumia, na kwa nini asiachwe peke yake akiamka, maana nguvu ya dawa hiyo inaweza kuisha heroini ikiwa bado mwilini. Tukishazoeana, swali linatoka kwao: "Dada, hiyo methadoni inakata arosto kweli?"

Hapo naongozana naye mwenyewe, asubuhi, nikiwa nimeshaongea na muuguzi ili foleni isimcheleweshe mpaka arosto ikamkuta kwenye benchi. Njiani namwambia ukweli ambao wengi hawaambiwi: dozi ya kwanza ni ndogo, kawaida haizidi miligramu 30, kwa kuwa methadoni hujikusanya mwilini siku hadi siku na ukiiharakisha inaweza kukata pumzi. Kwa hiyo usiku wa kwanza utahangaika. Usiongezee kete ya unga, pombe wala vidonge vya usingizi. Rudi kesho, watapandisha taratibu. Mmoja alirudi amenuna: "Ulisema kweli, sijalala." Sikujali kununa kwake, alikuwa amerudi.

Wanaopotea baada ya siku chache ndio ninaowatafuta kwanza, kabla ya wapya. Mwili ukishapunguza uzoefu wa unga, kipimo cha zamani cha unga kinaweza kuua, na hata kliniki, aliyekosa dozi siku kadhaa mfululizo hupimwa upya na mara nyingi huanzia chini.