Kopo la ba'mdogo

Niliposikia ile harufu nilidhani mama mdogo anatengeneza achari. Siki, kali, ya kupanda puani. Kumbe inatoka chumbani. Ba'mdogo alikuwa ameinama, anavuta uvunguni mfuko mtupu wa salfa, ile ya kupulizia mikorosho, na ndani yake kopo la bati la mviringo lililoliwa kutu ukingo mzima. Tulilifungua kwa bisibisi: mkanda wa filamu.

Miaka ya sabini ba'mdogo alikuwa opareta wa gari la sinema la serikali. Land Rover, jenereta, projekta ya milimita 16, kipaza sauti na shuka jeupe. Kiangazi walipanda uwanda wa juu wa Wamakonde, Kitangari, Mahuta, mpaka Nanyamba, gari likizama mchangani kila baada ya kona mbili. Watu walikaa pande zote mbili za shuka. Wa nyuma waliyaona maandishi yamegeuka, lakini anasema hakuna aliyewahi kulalamika.

Rili iliyobaki ni ya futi 400, kama dakika 11, inafundisha kuchimba choo. Zilikuwa enzi za Mtu ni Afya, kampeni ya redio ya 1973 iliyowakusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza. Wala hazikuwa filamu za kwanza za aina hiyo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakapiga filamu karibu 35 za kuwaelimisha Waafrika, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri. Mojawapo ilihusu minyoo ya safura, kwa hiyo choo cha ba'mdogo kina babu yake. Katika hizo zote zimesalia tatu, nazo ziko Uingereza.

Nilivuta mkanda urefu wa mkono tu nikaacha. Umesinyaa na kujikunja kama jani kavu la mgomba. Rangi zimekimbia, umebaki wekundu: mtu mwekundu, jembe jekundu, mbingu nyekundu. Hiyo siki ndiyo ugonjwa wenyewe. Mikanda ya asetati, plastiki ya filamu za zamani, ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi, ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo inazidi kuila. Ukiifungia ndani ya kopo, inajipika. Haina dawa, baridi na ukavu huipunguza kasi tu, upate muda wa kuiskani. Sasa baridi na ukavu Mikindani, mita mia mbili kutoka baharini, utavipata wapi?

Ba'mdogo alitaka tutafute projekta tuiangalie mara moja ya mwisho. Nilimkatalia, naye akanuna. Mkanda ukishasinyaa, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine. Utachanika wote kabla choo hakijafika kiunoni.

Makopo mengine aliyarudisha ofisini alipoacha kazi, zaidi ya ishirini kwa hesabu yake. Siku moja stoo ikahitajika kwa ajili ya makaratasi. Hili liliokoka kwa sababu lilisahaulika chini ya kiti cha gari. Nikimuuliza nani alitoa amri ya kuyatupa, anaanza kuzungumzia bei ya korosho.

Lakini kuna kitu ambacho hata kopo likiwa zima hakimo. Sauti ya filamu ilikuwa Kiswahili cha Dar, na bibi zetu wa kule juu hawakukifuata. Basi ba'mdogo alikuwa anaipunguza, anashika kipaza sauti, anasimulia mwenyewe kwa Kimakonde. Filamu ilisema choo kikae mbali na kisima. Kisima gani, wakati akina mama wanateremka bondeni usiku wa manane kufuata maji? Akageuza: kikae mbali na kibao cha mbuzi, maana nzi hawana adabu.

Jumamosi nikamwekea simu mbele, nikamwambia, "Anza, kama vile mkanda unazunguka." Akafumba macho. Akaisimulia yote, picha kwa picha, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatafuta swichi hewani.

Alipofika kwenye nzi akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikataka kumkumbusha. Akaninyooshea kidole.

"Ngoja," akasema. "Hapa wanacheka."

Zimo sekunde tisa za kimya kwenye rekodi, na jogoo wa jirani. Sijazikata.