Kwa nini waifai inakataa kuingia daraja moja na kebo

Ishara huwa ileile. Kuna majengo mawili ya kupangisha, tuseme Kasarani. Faiba imeingia jengo la kwanza, na la pili limefikiwa kwa antena zilizofungwa juu ya paa. Ukiingia ndani ya ruta ya jengo la pili na kupiga `ping 8.8.8.8`, majibu yanakuja vizuri. Lakini kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye ruta hiyohiyo haipati kitu. Inangoja anwani ya IP, inachoka, inajipa ya 169.254 na kukaa kimya. Mwenye ploti anapiga simu. Fundi anabadilisha kebo, kisha antena, kisha anaenda Luthuli Avenue kununua ruta nyingine. Hiyo mpya nayo inafanya vilevile.

Vifaa ni vizima. Shida iko kwenye neno moja la menyu, "bridge", ambalo mafundi wengi hulitamka briji na hapa tuliite daraja. Watu hulichagua wakidhani lina maana ya kuunganisha chochote na chochote. Sivyo. Daraja hupokea fremu ya Etheneti (kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo), husoma MAC, yaani anwani ya kadi ya mtandao, ya mtumaji ili likumbuke yuko mlango upi, husoma MAC ya mpokeaji, kisha husukuma fremu nzima upande wa pili bila kuigusa. Kwa hiyo kila kiungo kinachoingizwa darajani lazima kibebe fremu zenye MAC, kikubali kubeba MAC za wengine na si yake tu, na kiwe na nafasi ya kupitisha fremu hiyo bila kuikata. Kikikosa moja kati ya hayo, daraja litaonekana limewaka kwenye skrini huku halivushi kitu.

Kosa lenyewe linakwambia ugonjwa

Kwenye OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta) au Linux yoyote, usianze na menyu. Ingia kwa SSH na ujaribu kuongeza kiungo kwa mkono (`br0` ni daraja, `wlan0` ni waifai):

```
brctl addif br0 wlan0
```

Ukijibiwa `Operation not supported`, una waifai iliyo katika hali ya mteja (imejiunga na waifai ya kifaa kingine), ambayo ina MAC lakini hairuhusiwi kubeba za wengine. Ukijibiwa `Invalid argument`, kiungo ulichojaribu si cha Etheneti kabisa: `ppp0`, `tun0`, `wg0`, au modemu ya LTE inayotoa IP tupu. Majibu haya mawili hutibiwa tofauti, na ukiyachanganya utapoteza siku nzima. Amri mpya ya `ip link set wlan0 master br0` hutoa maneno marefu kidogo, `Device does not allow enslaving to a bridge`, lakini maana ni ile ya kwanza.

MikroTik ni hatari zaidi kwa sababu yenyewe hainung'uniki. Ukiweka waifai yenye `mode=station`, yaani hali ya mteja, ndani ya bridge, RouterOS (mfumo wa MikroTik) inakubali na kila kitu kinaonekana kijani. Ruta yenyewe itapata intaneti, vilivyo nyuma yake havitapata. Hali hii ndiyo chanzo cha simu nyingi za aina niliyoanza nayo.

Anwani tatu, anwani nne

Fremu ya kawaida ya waifai kutoka kwa mteja kwenda kwa kituo (access point, kifaa kinachotoa waifai) ina anwani tatu: ya kituo, ya mteja anayerusha, na ya kule ujumbe unakoelekea. Hesabu vizuri. Anayerusha na mwenye ujumbe wamepewa nafasi moja. Simu yako ikiongea na kituo hakuna tatizo, maana simu ndiyo inayorusha na ndiyo yenye ujumbe. Lakini ruta ya jengo la pili ikitaka kurusha fremu ya kompyuta iliyo nyuma yake, haina mahali pa kuandika MAC ya kompyuta hiyo. Ikiandika ya kwake, majibu yatarudi kwake bila kujulikana ni ya nani. Ikiandika ya kompyuta, kituo kitaitupa fremu, kwa sababu MAC hiyo haijawahi kujiunga wala kutoa nenosiri.

Dawa kamili ni fremu ya anwani nne, inayoitwa WDS au `4addr`. Kwenye OpenWrt weka mstari huu pande zote mbili, kwa kituo na kwa mteja, ndani ya `/etc/config/wireless`:

```
option wds '1'
```

Ukitumia LuCI, ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, chagua Access Point (WDS) upande mmoja na Client (WDS) upande wa pili. Mteja awekwe kwenye mtandao wa `lan`. Ruta hiyo ya pili izimwe DHCP yake (huduma inayogawa anwani za IP) na ipewe IP tofauti ndani ya safu (subnet) ileile, mathalani 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1. Kisha hakikisha: `iw dev` upande wa mteja ionyeshe `4addr: on`, na upande wa kituo kiwe kimezaliwa kiungo kipya ambacho jina lake linaishia na `.sta1`. Kama hicho cha `.sta1` hakipo, pande mbili hazijaelewana, na hakuna haja ya kuendelea kugusa kitu kingine.

Kutoelewana huko ni kawaida mno pale ambapo vifaa ni vya watengenezaji tofauti. Kiwango cha 802.11 kimetaja fremu ya anwani nne, lakini hakikueleza namna ya kuianzisha, kila kampuni ikajifanyia yake. Ukiwa na antena za Ubiquiti za airOS, washa WDS kwenye antena zote mbili. Ukiwa na MikroTik pande zote mbili, tumia `station-bridge` kwa mteja na `ap-bridge` kwa kituo; hali hiyo hufanya kazi kati ya RouterOS na RouterOS peke yake. Ushauri wangu ni kununua jozi ya aina moja. Akiba ya kuchanganya chapa huliwa na siku za kuhangaika.

Kuna ujanja wa katikati uitwao `station-pseudobridge`, pia wa MikroTik, ambao hubadilisha MAC za vifaa vya nyuma ziwe ya antena na kukumbuka ni IP gani ilikuwa ya nani. Hufaa pale usipokuwa na mamlaka juu ya kituo cha mbele. Lakini kumbukumbu hiyo ni ya IPv4 tu. Kitu kingine chochote, IPv6 au PPPoE (kuingia kwa jina na nenosiri la mtoa huduma), kinaelekezwa kwa MAC moja, kwa hiyo nyumba ya kwanza inapata na ya pili inakosa. Ukisikia mpangaji akisema "nikizima ruta yangu, ya jirani inashika", angalia hapo kwanza. OpenWrt nayo ina `relayd`, yenye mpaka huohuo wa IPv4, na hutaka IP ya LAN ya ruta hiyo iwe ya safu tofauti na ile ya mbele.

Kabla ya yote haya, jiulize kama unahitaji daraja kweli. Wengi wanachotaka ni intaneti ifike jengo la pili, na kwa hilo ruta ya pili ikipewa safu yake, 192.168.20.0/24 kwa mfano, na kufanya NAT (vifaa vyote vya nyuma kutumia IP moja ya ruta) au njia ya kudumu, kazi imeisha na itadumu. Daraja lina maana pale wateja wanapopiga PPPoE hadi jengo la kwanza, pale DHCP inapotakiwa kuwa moja, au televisheni na simu zinapotakiwa kuonana bila kuandika IP.

Tazama fremu inapopotelea

Ukishapanga na bado kumekufa, acha kubahatisha. Sakinisha `tcpdump-mini` na uendeshe hii kwenye mlango wa kebo, kisha kwenye waifai, kisha kwenye kituo cha ng'ambo:

```
tcpdump -eni eth0 'arp or port 67 or port 68'
```

Herufi `e` ndiyo muhimu, kwani huonyesha MAC. Chomoa na uchomeke kebo ya kompyuta. Swali la DHCP likionekana kwenye `eth0` lakini si kwenye waifai, daraja halijaundwa: angalia `bridge link show`. Likionekana likitoka kwenye waifai lakini halifiki ng'ambo, ni shida ya anwani ya nne. Likifika na jibu likatumwa lakini lisirudi, soma `brctl showmacs br0` upande wa kituo uone MAC ya kompyuta imeandikwa mlango upi. Na ukiona majibu mawili kutoka MAC mbili tofauti, ruta ya pili haikuzimwa DHCP. Hilo la mwisho huonekana kama "intaneti inakuja na kwenda", kwa sababu anayejibu kwanza hubadilika.

LTE na PPP

Hapa sina mengi. Modemu ya LTE inayotoa IP tupu haina MAC, na hakuna mpangilio utakaoiingiza darajani. Unachoweza kufanya ni NAT, au kile MikroTik inachokiita passthrough, ambapo IP ya laini hukabidhiwa kifaa kimoja tu kilicho nyuma. Vile vidude vya USB vya Huawei vya HiLink hujionyesha kama kadi ya Etheneti na kutoa 192.168.8.1, kwa hiyo daraja litavikubali, ila jua kwamba tayari vimefanya NAT yao ndani. Na IP ya laini ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Kufungua milango kwenye ruta yako hakutasaidia kamera zionekane kutoka nje.

WireGuard, aina ya VPN, nayo ni ya IP tu. Ukitaka kuvusha Etheneti kati ya ofisi ya Westlands na ghala la Industrial Area, pitisha VXLAN au gretap juu yake, ambazo ni njia za kufunga fremu nzima ya Etheneti ndani ya IP. GRE ya kawaida haitoshi. Lazima iwe gretap, au EoIP kama ni MikroTik pande zote.

Fremu kubwa zinazopotea kimya

Hili ndilo huwachosha watu kuliko yote, kwa sababu mtandao unaonekana mzima. Ujumbe wa WhatsApp unapita, ping inapita, lakini kurasa fulani zinazunguka tu bila kufunguka. Ruta ikikutana na paketi kubwa kupita kiasi hurudisha ujumbe wa ICMP kumwambia mtumaji apunguze. Daraja halirudishi chochote. Linaitupa fremu, basi.

Kila ganda linalofunika fremu lina uzito wake, na nafasi ya kawaida ni baiti 1500. PPPoE hula baiti 8, zinabaki 1492. EoIP hula 42, zinabaki 1458. VXLAN juu ya IPv4 hula 50, zinabaki 1450. WireGuard huanza na 1420, kwa hiyo VXLAN ndani yake inakupa 1370. Pima hivi kutoka Linux:

```
ping -M do -s 1464 8.8.8.8
```

Kwenye Windows ni `ping -f -l 1464 8.8.8.8`. Ile 1464 ukiongeza 28 za vichwa unapata 1492. Ikikataa, shuka kidogokidogo hadi ipite, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU yako halisi, yaani paketi kubwa kabisa inayopita. Kupunguza MTU ya `br0` peke yake hakutibu, maana kompyuta za wapangaji hazijui na zitaendelea kutuma 1500. Bana MSS, ukubwa wa data ambao TCP hukubaliana mwanzoni, kwenye ruta inayotoka kwenda intaneti:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Kwenye OpenWrt ni kitufe cha MSS clamping cha zoni ya `wan`. Weka kwenye ruta ile inayofanya NAT, si kwenye antena. Antena zenyewe hazipitishi kitu kwenye FORWARD.

Mzunguko

Siku moja mtu anavuta kebo kati ya majengo yale mawili na kuacha antena zikiwaka. Sasa kuna njia mbili, na fremu ya matangazo (broadcast, inayotumwa kwa wote) inazunguka bila kikomo. Utaijua kwa macho: taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja, haraka, hata usiku wapangaji wakiwa wamelala. Kwenye `dmesg` utakuta `received packet on eth0 with own address as source address`. Chomoa njia moja kwanza, ndipo uwashe STP, itifaki inayofunga njia ya ziada ili kusiwe na mzunguko.

Ila STP ina gharama yake. Mlango ukiwaka hungoja sekunde 15 ukisikiliza na 15 nyingine ukijifunza, na kompyuta nyingi huwa zimeshakata tamaa ya DHCP kufikia hapo. Stima ikirudi baada ya kupotea, jengo zima linajipa 169.254. Tumia RSTP, ile ya haraka, ikiwa ipo (MikroTik huja nayo ikiwa imewashwa), au punguza muda kwa `brctl setfd br0 2`.

Mwisho, MAC ya daraja. Linux huchukua ile iliyo ndogo kabisa kati ya milango yake, kwa hiyo siku unapoongeza kiungo kipya MAC inaweza kubadilika, na IP uliyoifungia kwenye DHCP inapotea nayo. Iandike kwa mkono mapema: kwenye MikroTik ni `auto-mac=no` pamoja na `admin-mac`, kwenye OpenWrt ni `option macaddr` ya kifaa cha `br-lan`.