Siku Nyanya Alipowaamrisha Wanamaji

Ukimtajia mtu wa mbali Mtongwe, mtaa wetu wa pwani ya Mombasa, mara nyingi hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kambi ya wanamaji wa Kenya, yenye seng'enge na lango lisilopitika ovyo. La pili ni feri iliyozama asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Hayo yote ni kweli na yote ni yetu. Hakuna nyumba ya rika la wazazi wangu isiyomjua mtu aliyekuwa ndani ya feri ile. Lakini iliniuma, tangu nikiwa mdogo, kuona ufuo wetu unasemwa kwa huzuni au kwa woga tu, kana kwamba hapa hapaishi watu wanaovua, wanaooza watoto wao na kuipenda pwani yao. Ndiyo maana naisimulia Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2018.

Jumamosi ya tatu ya Septemba watu katika nchi nyingi husafisha fukwe. Mwaka ule kikundi chetu cha vijana kilikubaliana na kina mama wa mtaani, wavuvi na wenzetu wa kambini kwamba asubuhi tuokote taka na mchana tupande mikoko. Baadaye tulikuja kujua kwamba siku hiyohiyo, kule Lamu, jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu, lilishushwa majini. Nilifurahi mno kusikia hivyo.

Tulianza maji yakiwa yamejaa, tukifuata mstari wa takataka ulioachwa juu ya mchanga. Wanamaji walikuja na magunia na makoleo, vijana tupu, wengi wao watu wa bara. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa imetimiza mwaka na siku chache, kwani ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na ufuo wenyewe ulikuonyesha hivyo. Zile karatasi za dukani, yaani mifuko yenyewe, zilizokuwa zikipeperuka kila mahali hazikuwa tena juu ya mchanga. Zilikuwa chini. Ukikuta ncha imechomoza ukaivuta, inatoka utepe mrefu uliofifia rangi, umeshikana na mizizi na maganda ya chaza, na ukikaza mkono unakatika vipandevipande. Nilimwona mwanamaji mmoja amepiga magoti anafukua karatasi moja kwa vidole, taratibu, hataki ibaki hata kidogo. Vitu vipya vilikuwa chupa za maji, pampasi na ndara, ndara, ndara. Za mguu wa kushoto, za mguu wa kulia, za watoto, zilizoshonwa kwa waya. Kufikia saa tano magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye njia ya gari.

Basi ikaja kazi ya mchana, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia bara, limeumia. Wazee husimulia jinsi mikoko ilivyokatwa kwa kuni na boriti, na mwaka 2005 mafuta mazito ya meli yalimwagika upande wa Port Reitz, mikoko ikakauka ikabaki vijiti vyeusi. Mkoko ukishapakwa mafuta kwenye mizizi yake ya juu haupumui tena. Na matope yale huyahifadhi mafuta miaka na miaka. Kwa hiyo uwazi tuliotaka kuupanda haukuwa uwazi wa kawaida. Ulikuwa kidonda.

Wageni waliotuletea miche walikuja na ramani. Walikuwa watu wema, sina neno nao. Ramani yao ilionyesha safu zilizonyooka, mkoko mtupu, aina moja tu kati ya miti ya majini tunayoiita yote mikoko, kuanzia ukingo wa maji kwenda juu. Miche ilikuwa tayari imegawanywa, nasi tumeshavua viatu, maji yamepwa baada ya adhuhuri, tope limefika kwenye vifundo vya miguu. Hapo ndipo nyanya mmoja wa mtaa wetu, ambaye asubuhi yote alikuwa amekaa chini ya mkanju na leso yake begani, akashuka mpaka kwenye tope akasimama mbele ya safu ya kwanza.

Baba yake alikuwa mkata boriti, enzi ambazo boriti zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mama huyu alikulia ndani ya msitu wa mikoko. Aliuliza, "Mkuu wenu ni nani?"

Afande aliyeongoza wanamaji akasogea. "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Hapa msipande mkoko. Mtauzamisha."

Mmoja wa wageni akajaribu kueleza kwamba mahali hapo pamepimwa. Nyanya hakubishana naye. Alimwambia afande, "Leo mwezi una siku tano, maji yanaelekea kuwa mafu, hayana nguvu. Ndiyo mnaona pametulia. Bamvua likija, yale maji makubwa, hapa hapasimami kitoto cha mkoko. Hapa ni pa mlilana." Akanyoosha kidole upande wa kulia, ambako mililana mitatu ya zamani ilikuwa imesimama mbele kabisa majini, mizizi yake imechomoza juu ya tope pande zote. "Mwenye nyumba si huyo? Mbona hamkumuuliza?"

Wote tukageuka kuitazama ile miti. Nimepita pale utoto wangu wote na sikuwahi kuona kwamba imekaa kwa mpango. Mbele kabisa mlilana. Nyuma yake, mahali maji yanapoingia kila siku lakini mawimbi yamekwisha nguvu, mkoko wenyewe na miguu yake iliyojipinda. Nyuma zaidi, muia na mkandaa. Juu karibu na nchi kavu, ambako maji hufika kwa bamvua tu na chumvi huachwa nyeupe juu ya udongo, mchu. Kila mti na kiwango chake cha maji.

Sasa uamuzi ulikuwa wa afande. Alikuwa na orodha mkononi, alikuwa na wageni, na alikuwa na vijana kama arobaini hivi wamesimama topeni wanangoja. Nilidhani angesema tumalize kwanza ilivyopangwa. Badala yake alikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Nyanya, mimi ni mtu wa bara, bahari nimeisomea darasani. Tuonyeshe, tutafuata." Kisha akawageukia vijana wake, na kwa ile sauti yao ya gwaride akawaambia kwamba kuanzia dakika ile amri zinatoka kwa nyanya.

Sijui nilieleze vipi lile lililonipata kifuani. Watu wa kwetu tumezoea kusimamishwa langoni, tumezoea kuambiwa mashua isipite upande ule. Na sasa wanaume waliovaa sare wanamtazama mama mzee wa Kidigo, anatembea topeni bila kutetereka, anapiga mstari kwa ufito: mpaka hapa, msivuke.

Alitufundisha kwa mikono. Mche wa mkoko ni tunda lenyewe: huota likiwa bado mtini, likishuka lina umbo la kalamu ndefu ya kijani, na upande mmoja mnene kuliko mwingine. Ule mnene, wenye ncha ya kahawia, ndio unaokwenda chini. Usichimbe shimo, alisema, tope lenyewe ni laini. Shika katikati, bonyeza polepole, theluthi moja iingie, halafu ukanyage kwa kisigino pembeni ili lisiyumbe. Mwenzako awe hatua moja mbele yako. Tunda lililotobolewa na kaa au wadudu litupwe, usilionee huruma. Mwanamaji mmoja alipanda la kwake kichwa chini. Nyanya aliling'oa, akampa tena bila kusema neno, akasimama hapohapo mpaka akalipanda sawasawa.

Ule ukingo wa mbele tuliuacha mtupu. Wageni walisikitika kidogo, maana picha yao ilihitaji safu zinazoanzia majini, na miche mingine ilirudi kwenye kitalu. Mimi naona huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa wa siku ile. Kwenye pwani hii nimeona miche mingi ikipandwa siku ya sherehe mahali pasipo pake, na mwezi ukiisha hakuna kitu. Watu wakisema mikoko haishiki huku, ardhi yetu ndiyo inayosingiziwa.

Tulimaliza maji yakianza kurudi. Kina mama walipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, wanamaji wakala nasi palepale mkekani, matope bado kwenye magoti. Mazungumzo yakawa ya mbuzi. Mbuzi wa mtaani wanapenda majani ya mchu, na mmiliki wa mbuzi wengi kuliko wote alikuwa amekaa katikati yetu anakula. Aliahidi mbele ya kila mtu kwamba atawafunga, na nyanya akamwambia kwamba yeye atapita kila asubuhi baada ya sala kuhakikisha. Alipita kweli. Kamba zilionekana shingoni mwa wale mbuzi wiki ileile.

Masika yaliyofuata hatukungoja miche ya mtu. Watoto walitumwa na vikapu kuokota matunda ya mkoko yaliyoanguka, na mlilana tukaotesha wenyewe kwenye kitalu kidogo nyuma ya nyumba ya nyanya, kwa mbegu zilizokusanywa chini ya ile miti mitatu. Kutoka kambini ukaja ujumbe: wanaomba kujua ni tarehe ngapi wajiandae, ili waiweke kwenye ratiba yao. Nyanya akamwambia mjumbe awajibu kwamba ni siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, maji yakishapwa, na waje na makoleo machache na watu wengi. Siku hiyo ilipofika walikuwa wamefika pwani kabla yetu.