Kivuli kiko wapi? Nilivyojifunza kutazama picha za kuchorwa

Picha za kuchorwa nilianza kuzifurahia nilipopata swali moja la kuziuliza. Kabla ya hapo nilisoma majina ya wachoraji na karne zao, na macho yakabaki palepale. Swali nililipata Ngome Kongwe, Zanzibar, kwa mzee mmoja anayeuza picha za tingatinga.

"Mzee, mbona chui wako hana kivuli?"

"Kwani mwanangu, bila kivuli hujamjua kuwa ni chui?"

Kweli. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, alimweka mnyama peke yake juu ya rangi moja. Mle hamna asubuhi wala jioni. Yupo mnyama mzima, kila doa lake linaonekana. Nani aliwahi kudai ua la kwenye mji wa kanga liwe na kivuli?

Basi nikawa natazama picha za kwengine simuni, nikizikuza kwa vidole. Picha ndogo za makasri ya Wamughal, watawala wa India, za karne ya 16 na 17, nyingi nazo hazina kivuli: bustani, farasi na mfalme vimepata nuru sawasawa. Hokusai wa Japani, katika picha yake ya wimbi kubwa ya mwaka 1831 hivi, hakukihitaji ili tuwaogopee wale waliomo mashuani.

Halafu Caravaggio, mchoraji wa Italia. Wito wa Mathayo Mtakatifu aliichora 1599 hadi 1600 kwa kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Chumba ni kiza, mwanga unaingia kutoka kulia, unapita juu ya Yesu na kuwaangukia watu walioketi mezani na fedha zao. Yesu mwenyewe karibu wote amemezwa na kiza. Tunaona uso kidogo, na mkono ulionyooshwa. Hapa kivuli ndicho kinachosimulia. Hakuna picha niliyoitazama muda mrefu kama hii.

Claude Monet wa Ufaransa naye, katika picha zake za marundo ya nafaka za 1890 na 1891, vivuli alivipaka buluu na zambarau. Nikatoka alasiri kuhakikisha kwenye kuta za chokaa za Shangani, na buluu imo! Nimepita pale tangu utotoni.

Siku hizi madukani nasimama kwa tingatinga zisizo na kivuli na kwa picha za mashua zenye vivuli vilevile. Ninazozipita ni zile ambazo mlango unatupa kivuli kushoto na mtu aliyesimama mbele yake anatupa kulia: huyo mchoraji hajaamua jua lake liko wapi.