Beringi Zilizogoma Kwenye Difu ya Gari la Zamani

Kelele ilianza kama mvumo wa mbali, nikaudhani ni wa matairi. Nilikuja kuutilia shaka nilipogundua kwamba unapanda ninapokanyaga mafuta na kubadilika sauti mara ninapoyaachia, ilhali kwenye kona haubadiliki hata kidogo. Beringi ya gurudumu ikichakaa, kwa kawaida hulalamika uzito wa gari unapoegemea upande wake; mvumo unaofuata mguu wa dereva hutoka kwa pinioni, gia ndogo inayopokea nguvu ya injini ndani ya difu, yaani sanduku la gia linalogawia magurudumu nguvu hiyo. Nilipoimwaga oili ya difu, ilitoka na unga wa chuma uliometameta kiganjani, na shaka ikaisha.

Kabla ya kufungua chochote nilipima mchezo, yaani nafasi ya kulegea, uliopo kati ya meno ya pinioni na ya krauni, gia kubwa inayozungushwa na pinioni, nikapata milimita 0.15, nikauandika kwa chaki ukutani. Kisha nikazitia alama kofia mbili zinazoshika beringi za pembeni, nukta moja kushoto na mbili kulia, kwa kuwa kofia hizo hutobolewa zikiwa zimefungwa kwenye nyumba ya difu, yaani kasha lake, na haziwezi kubadilishana nafasi. Beringi za pembeni zilitoka kwa pula, kifaa cha kuvutia beringi, bila ubishi, kwa hiyo sina la kusema juu yake.

Taabu ilikuwa kwenye beringi kubwa ya pinioni, ile inayokaa nyuma ya kichwa chenye meno. Ni beringi ya rola zilizolala mshazari, aina ambayo Henry Timken alipata hataza yake Marekani mwaka 1898, na ubora wake ni kwamba inabeba uzito unaokandamiza kutoka juu pamoja na ule unaosukuma kwa urefu wa shafti. Kwa fundi maana yake ni vita viwili: pete ya ndani pamoja na rola zake hubaki imeng'ang'ania shafti, na pete ya nje, yaani kikombe, hubaki imezama ndani ya nyumba ya difu.

Pula yangu ilishika keji tu, fremu inayozishika rola, ikaing'oa, rola zikamwagika sakafuni, na pete ikabaki pale pale kana kwamba imeota mizizi. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilipenyeza tindo kati ya pete na kichwa cha pinioni nikapiga nyundo, nikisahau kwamba katikati yao kuna shimu, kipande chembamba cha chuma ambacho unene wake ndio unaoamua pinioni iingie kina gani kwenye krauni. Pete haikusogea hata unywele, lakini shimu ilipinda ukingo mmoja. Nilijilaumu sana, kwa sababu beringi ni kitu cha kununua, bali kipimo cha shimu hiyo kilikuwa cha difu hiyo peke yake.

Kuna wanaoshauri kuichoma pete kwa gesi hadi iwe nyekundu. Siafiki, maana joto hilo huingia kwenye pinioni na kuyaharibia meno yake ugumu. Nilichukua grenda na diski nyembamba, nikavaa miwani, nikaikata pete kwa mshazari hadi ukabaki utando tu wa chuma, nikikomea hapo ili diski isiiguse shafti. Kisha nikaweka tindo kwenye mfereji ule na kupiga pigo moja. Chuma kigumu kiasi hicho hakipindi, hupasuka. Ulisikika mlio mkavu, na pete iliyokuwa haitoki ng'o ikateleza kwa vidole viwili. Shimu niliipima kwa maikromita upande uliobaki mzima, nikatafuta nyingine ya unene ule ule.

Kikombe nacho hakikuwa na ukingo wa kupiga kutoka nyuma. Nilichomelea mstari mmoja wa weldingi kukizunguka kwa ndani, na weldingi ilipopoa ikajivuta na kukibana kikombe, kikalegea na kutoka kwa mkono. Atakayejaribu njia hii aulinde uso wa nyumba usiguswe na cheche.

Kuingiza beringi mpya kulihitaji hesabu zaidi kuliko nguvu. Chuma hutanuka kiasi cha sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii ya joto, hivyo tundu la milimita 40 likipashwa kutoka digrii 25 hadi 110 huongezeka takriban milimita 0.04, nafasi inayotosha kabisa. Niliipasha beringi ndani ya oili, ikateremka juu ya shafti kama pete kidoleni, nikaikandamiza hadi ilipopoa, kwani ikiachwa hurudi nyuma kidogo na kuacha mwanya. Bushi ya kubonyea, ile inayobonyea kadiri nati inavyokazwa, niliweka mpya, nikaikaza nati ya pinioni kidogo kidogo huku nikipima ugumu wa kuizungusha shafti, kwa sababu bushi hiyo ikishabonyea kupita kiasi, kulegeza nati hakurudishi kitu.

Mwisho nilipaka rangi ya buluu kwenye meno machache ya krauni na kuizungusha huku na huku, ili alama ionyeshe meno yanagusana wapi. Mara ya kwanza alama ilikaa karibu mno na ncha ya jino, nikafungua tena kila kitu, nikaongeza shimu ya milimita 0.05. Mara ya pili alama ilitua katikati, na mchezo ukasoma 0.15, sawa na chaki ya ukutani.