Siku moja maishani mwangu: wiki mbili kabla ya kutetea mradi

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya chai, tunahesabu mistari. Kifaa kilichoachwa mezani jana saa 1 usiku kilitakiwa kutuma kipimo kila baada ya dakika 5. Muda wa saa 12 ni dakika 720, kwa hiyo jedwali la hifadhidata lingekuwa na mistari mipya 144. Iliyopo ni 97.

Mradi ni wa wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho: kifaa cha kupima maji kwenye tanki la kunyweshea ng'ombe, kinachomtumia mfugaji meseji maji yakipungua. Vitu vyenyewe vinapatikana Kariakoo: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha kifaa), moduli ya laini ya simu aina ya SIM800L, sensa ya umbali inayotumia mwangwi wa sauti. Data zinaingia kwenye seva yenye MySQL, programu ya hifadhidata. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kuwajengea hairuhusiwi; kuuliza "mmepima?" naruhusiwa mpaka wanichoke.

Saa 2:00 asubuhi

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mistari 47 imeenda wapi?"

Jibu la haraka huwa "mtandao ulisumbua". Mtandao ukisumbua, hata hivyo, huacha pengo refu la pamoja, tuseme kuanzia saa 8 hadi saa 9 usiku hakuna kitu. Hapa mapengo yametawanyika usiku kucha, kipimo kimoja hapa, viwili pale. Tunafungua kumbukumbu ya bodi kwenye kompyuta. Kuna sentensi inayojirudia: *Brownout detector was triggered*. Volti zilishuka chini ya kiwango, bodi ikajizima na kujiwasha upya, na kipimo kilichokuwa njiani kikapotea.

Saa 3:00 asubuhi

Hapa ndipo miradi mingi ya vifaa hufia, na sababu ni ileile kila mwaka. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma huvuta mkondo unaoweza kufika ampea 2. Wanafunzi wamechomeka kila kitu kwenye chaja ya simu ya volti 5, ampea 1. Kati ya chaja na moduli wameweka kishusha volti cha LM2596 kilichorekebishwa hadi volti 4.0.

Wanaonyesha mita: 4.0. Ni kweli, lakini mita ya mkononi ni ya polepole, inaonyesha wastani. Moduli hutuma kwa mapigo mafupi ya chini ya milisekunde moja, na mita haiyaoni. Tunaweka osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, kipimo kinatumwa, na mstari uliokuwa umenyooka unachimba mashimo.

Makosa ni matatu, yamepandana. Chaja ni ndogo. Waya za bredibodi, ubao wa kuunganishia vifaa bila kusolda, ni nyembamba na ndefu, zinakula volti zenyewe. La tatu ndilo halijulikani sana: LM2596 inahitaji volti moja na ushee ya ziada upande wa kuingilia ili ifanye kazi vizuri ikibebeshwa mzigo. Ukiipa 5 na kuitaka itoe 4, umeibana ukutani.

Kwenye zizi kutakuwa na betri ya sola ya volti 12 hata hivyo, basi tunahamia huko leo. LM2596 zinakuwa mbili: moja volti 4.0 kwa moduli, nyingine 5.0 kwa bodi. Kila moja inarekebishwa kwa bisibisi na mita *kabla* ya kuunganishwa na chochote, kwa sababu ikitoka dukani inaweza kuwa inatoa volti 10 na moduli haikupi nafasi ya pili. Kapasita ya maikrofaradi 1000, inayoweka akiba ya umeme kwa ajili ya mapigo yale, inasolderiwa karibu kabisa na miguu ya moduli. Upande wenye mstari ni hasi. Nyaya zote za hasi zinakutana sehemu moja. Taa ya moduli ilikuwa ikiwaka kila sekunde, maana yake inatafuta mtandao. Sasa inawaka kila baada ya sekunde 3. Imeshika.

Saa 5:00 asubuhi

Sensa. Walianza na HC-SR04, na kwenye meza inafanya kazi vizuri, ila ndani ya tanki mvuke unaingia kwenye yale macho mawili na baada ya muda inaoza. Wamehamia JSN-SR04T yenye kichwa kisichoingia maji. Gharama yake ni kwamba kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi kinasomeka ovyo. Kwa hiyo maji yakijaa yasikaribie kifuniko zaidi ya hapo. Boya la kufungia maji lishushwe.

Pini ya mwangwi inatoa volti 5 na bodi inavumilia 3.3. Rezista mbili, kilo-omu 1 na 2, zinaipunguza hadi 3.3. Hilo walishalifanya. Walichosahau ni joto.

Programu yao inagawanya muda wa mwangwi, kwa maikrosekunde, kwa 58 ili kupata sentimita. Hiyo 58 ni ya hewa ya joto la kawaida la chumbani. Ndani ya tanki jeusi lililoanikwa juani, hewa ikifika nyuzi 40, sauti inakimbia karibu mita 355 kwa sekunde. Maji yakiwa sentimita 100 chini ya sensa, programu itasema 97. Tanki lao lina kipenyo cha sentimita 107, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni karibu lita 9. Sentimita 3 ni lita 27, na kosa linaelekea upande mbaya: mfugaji anaambiwa ana maji ambayo hana. Dawa ni sensa ndogo ya joto, DS18B20, na mstari mmoja wa hesabu: kasi ni 331.3 ukijumlisha 0.606 mara nyuzi joto.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage. Umeme unakatika dakika 20. Betri ya volti 12 haijali, kifaa kinaendelea, na wale wa kundi la jirani wanatuangalia kwa jicho.

Saa 8:00 mchana

Meseji yenyewe. Jana ilifika simuni ikiwa na alama za ajabu katikati ya neno "ng'ombe". Waliandika maneno kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hubadilisha ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, kisha wakanakili. Iliyonyooka imo kwenye herufi za msingi za meseji, iliyopinda haimo. Kwa moduli inatoka takataka. Kwa watoa huduma wa meseji za jumla hali huwa ya kimyakimya zaidi: herufi moja hiyo inashusha meseji nzima kutoka nafasi 160 hadi 70, na unalipia mbili bila kujua. Anayeandika Kiswahili ataigonga tu: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa.

Kosa la pili ni la saa. Seva inahifadhi muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambao uko nyuma yetu kwa saa 3. Hilo wamelirekebisha. Lakini meseji inasema "Maji lita 120, 08:00", na mfugaji anasoma saa nane. Anadhani ni habari ya mchana, kumbe ni ya asubuhi. Hesabu ni rahisi: saa jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa 0 andika 12. Saa 14 inatoa 20, baki 8, "saa 8 mchana". Kilichowachukua robo saa ni kubishana kama 19:00 ni saa 1 jioni au saa 1 usiku. Wameandika usiku.

Saa 10:00 jioni

Ripoti, sura ya nne. Wamewapa watu 12 dodoso la SUS (System Usability Scale, kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo) lenye maswali 10, na wameandika "mfumo umekubalika kwa asilimia 74". SUS si asilimia, hata kama inaishia 100. Wastani unaojulikana wa mifumo ni 68, kwa hiyo 74 ni nzuri kiasi tu. Kwenye maswali ya namba witiri unatoa 1, kwenye shufwa unatoa jibu kutoka 5, unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Karatasi mbili kati ya 12 zina vema kwenye 4 mwanzo hadi mwisho, na maswali shufwa yameulizwa kinyume. Waliozijaza hawakusoma. Zibaki kwenye ripoti, na zitajwe.

Lengo mahususi la tatu linasema "kutabiri matumizi ya maji". Hakuna utabiri uliojengwa. Linafutwa leo, kwa idhini ya msimamizi, kabla mtahini hajaliuliza.

Saa 12:00 jioni

Maandalizi ya ukumbini, haraka. Waifai ya chuo inadai kuingia kupitia ukurasa wa nywila, na bodi haina kivinjari, kwa hiyo bodi ibaki kwenye laini ya moduli na kompyuta ya maonyesho itumie intaneti ya simu. Bando linunuliwe jana yake. Laini ya moduli iondolewe namba ya siri. Video ya dakika 2 ya mfumo ukifanya kazi ikae kwenye flashi mbili.

Saa 1:00 usiku

Jedwali jipya, tupu. Bodi inawashwa kwa betri, ndoo ya maji iko chini ya sensa, na tunasimama kuangalia skrini. 19:00, mstari wa kwanza. 19:05, wa pili. Nafunga mlango saa 1:10, ukiwa umeingia wa tatu.